Chuma Kilichomo Damuni na Mtoto Asinziaye Darasani

Mwezi huu tutajifunza habari ya mtoto ambaye kila mwalimu amekwisha kumwona. Aja shuleni asubuhi, aketi mahali pake, wala hana fujo. Ukieleza jambo, akutazama usoni kama asikiaye. Ukimwuliza, hajui lililosemwa. Wenzake wakitoka kucheza mpira, yeye hutafuta kivuli. Akitumwa kuni, hupanda kilima kwa kupumzika mara tatu. Majina apewayo ni mengi: mvivu, mzito, kichwa kigumu.

Mimi nami nimewahi kumpa mtoto majina hayo, tena si majina tu, bali na fimbo pia. Baada ya miezi michache alipelekwa zahanati kwa sababu ya homa, akapimwa, ikaonekana kwamba damu yake ilikuwa imepungua mno na minyoo ilikuwa tumboni mwake. Alitibiwa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akikimbia pamoja na wenzake, na kusoma kwake kulikuwa kusoma kwa mtoto mwingine. Tangu siku hizo sipendi kusikia neno “mvivu” likitamkwa juu ya mtoto ambaye hajapimwa.

Walakini tusikimbilie kusema ya kwamba kila asinziaye amepungukiwa na damu. Wako wasinziao kwa njaa, wako wasioona ubao, wako wasiosikia vema, wako waliokesha kwa msiba nyumbani. Tena si kila upungufu wa damu watokana na upungufu wa chuma. Malaria huharibu damu, na ugonjwa wa selimundu huiharibu, na magonjwa mengine kadha wa kadha. Lakini upungufu wa chuma ndio ulioenea kupita wote, na kwa sababu umeenea sana watu wameuzoea, hata hawauoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 ya kwamba katika kila watoto 10 wa dunia nzima wenye umri wa miezi 6 hadi 59, kama 4 walikuwa na upungufu wa damu. Katika Tanzania uchunguzi wa mwaka 2015–16 ulionyesha asilimia 58 ya watoto wa umri huo. Basi mama akitazama watoto wa jirani ili apate kujua kama wake ni mzima, huenda akatazama wagonjwa na kudhani ndivyo watoto walivyo.

Labda mtu atauliza: Chuma gani hiki kinachosemwa kuwa ndani ya mwili? Ni chuma kile kile cha jembe na cha msumari. Katikati ya karne ya 18, mtaalamu mmoja wa Bologna, katika nchi ya Italia, jina lake Vincenzo Menghini, alichoma damu hata ikawa majivu, kisha akapitisha sumaku juu ya majivu yale, nayo ikavuta chembe ndogo. Mwili wa mtu mzima una chuma kiasi cha gramu 3 hadi 4 tu, kiasi cha msumari mmoja. Sehemu kubwa yake imo katika chembe nyekundu za damu, nacho ndicho kishikacho oksijeni iliyomo katika hewa tuivutayo mapafuni, ili damu iichukue mpaka miguuni, mikononi, na kichwani. Kila chembe nyekundu huishi kama siku 120, kisha huvunjwa, na chuma chake hutwaliwa tena na kutumiwa katika chembe mpya. Mwili ni bahili sana wa chuma, hautupi kitu. Kwa hiyo mtu mzima asiyepoteza damu huhitaji kuongeza kidogo sana kila siku. Mtoto si hivyo. Yeye akua, na kila akuapo damu yake yatakiwa iongezeke. Basi hawezi kuishi kwa kile cha zamani peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani akili. Wengi hufikiri ya kwamba mtoto asiye na damu hushindwa kusoma kwa kuwa amechoka, basi. Ni kweli kwamba huchoka. Lakini chuma kina kazi nyingine ndani ya ubongo wenyewe, mbali na kazi ya damu. Nyuzi za fahamu zipelekazo habari toka sehemu moja ya ubongo hata nyingine hufunikwa na ganda la mafuta, na habari hupita upesi katika uzi uliofunikwa, hupita polepole katika uzi ulio wazi. Kulifanya ganda hilo kwahitaji chuma. Tena zimo dawa za asili ambazo ubongo hujitengenezea ili mtu apate kuangalia jambo kwa makini na kulikumbuka, nazo pia zahitaji chuma katika kutengenezwa kwake. Kazi hizi hufanyika kwa nguvu zaidi katika tumbo la mama na katika miaka miwili ya kwanza, mtoto angali mgongoni.

Tena sikilizeni neno hili, maana ndilo linalosahauliwa. Chuma kipunguapo katika mwili wa mtoto mchanga, mwili hukitoa kwanza kwa damu, na ubongo hupata mabaki. Kwa hiyo ubongo waweza kuanza kukosa wakati damu bado yaonekana ya kutosha. Siku tutakapoona viganja vimekuwa vyeupe, na ngozi ya ndani ya jicho imepauka, na ulimi hauna rangi, upungufu ule si wa jana. Umekuwako kwa miezi mingi, kimya.

Je, mtoto aliyepungukiwa akipewa chuma, akili yake hurudi? Jibu lina sehemu mbili, wala si vema kulikata. Katika miaka ya 1980, huko Java katika nchi ya Indonesia, watoto wa shule waliokuwa na upungufu huo walipewa chuma kwa muda wa miezi mitatu, wakapimwa masomo kabla na baadaye. Waliopewa chuma walisonga mbele kupita wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hii ni habari njema kwa mwalimu, kwa maana watoto hao walikuwa wakubwa, wameketi madarasani kama hawa wetu.

Lakini iko habari ya pili. Katika nchi ya Costa Rica, iliyoko Marekani ya Kati, mganga wa watoto Betsy Lozoff na wenzake walianza katika miaka hiyo hiyo ya 1980 kuwafuata watoto wachanga waliokuwa na upungufu mkubwa wa chuma. Watoto wale walitibiwa, damu yao ikawa njema. Wakapimwa tena walipofika umri wa miaka mitano, na tena walipokuwa vijana, hata miaka 19. Damu yao ilikuwa nzuri kama ya wenzao, walakini katika kupimwa akili bado walikuwa nyuma. Tena wale waliotoka katika nyumba za maskini waliachwa nyuma zaidi kadiri walivyokua. Kwa hiyo yako mambo ambayo yakitufikia darasani yamekwisha kufanyika tangu zamani, mtoto alipokuwa akinywa uji. Mwalimu asijilaumu kwa hayo, lakini yafaa ajue, kwa sababu mwalimu wa kijijini huenda pia nyumba kwa nyumba, naye hukaribishwa mahali penye watoto wachanga.

Hebu tutazame nyumba hizo. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili, na mama mwenye afya, huja duniani na akiba ya chuma ya kumtosha kama nusu ya mwaka. Sehemu ya akiba hiyo hupita katika kitovu dakika ile ya kuzaliwa. Wakunga wa zamani waliokuwa na haraka ya kukata kitovu mara mtoto atokapo walimnyima damu iliyokuwa yake. Siku hizi wakunga hufundishwa kungoja dakika moja hadi tatu kabla ya kukifunga, ila iwapo mtoto hapumui na yahitajiwa kumsaidia upesi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, lakini mtoto hukipokea vizuri. Kisha miezi sita yapita, akiba yaisha, na mtoto aanza kupewa uji. Na uji wenyewe ni wa nini? Mara nyingi ni unga wa mahindi na maji, na sukari ikipatikana. Mtoto anenepa kidogo, mama afurahi, kumbe chuma hakimo.

Watu wengine husema, “Sisi twala mboga za majani kila siku, chuma chatoka huko.” Ni kweli kimo katika mchicha, katika majani ya kunde, katika maharagwe na ulezi. Lakini chuma cha majani na nafaka ni kama mgeni asiyejua njia. Sehemu ndogo tu huingia mwilini, na kilichobaki hutoka nje. Chuma cha nyama, cha maini na cha samaki huingia kwa urahisi zaidi, tena kikiwapo katika chungu kimoja na mboga hukisaidia kile cha mboga kuingia pamoja nacho. Dagaa hawahitaji kuwa wengi. Konzi moja iliyosagwa na kutiwa katika uji au katika maharagwe ya mtoto ni bora kuliko kumwekea mchuzi wa nyama huku nyama yenyewe ikiliwa na wakubwa. Matunda machachu nayo hufungua mlango: chungwa, limau lililokamuliwa juu ya mboga, pera, embe. Mtoto akila pera baada ya maharagwe amepata faida mara mbili.

Na kitu gani hufunga mlango? Chai. Hapa najua nitawachukiza ndugu zangu wa milimani, hasa wa Usambara ambako chai hulimwa, nami mwenyewe siwezi kuanza siku bila kikombe. Lakini chai inywewayo pamoja na chakula huzuia zaidi ya nusu ya chuma cha maharagwe na mboga kisiingie mwilini. Kahawa nayo huzuia. Desturi ya kumpa mtoto mdogo chai ya rangi na kipande cha muhogo, na kuiita staftahi, ni desturi ya kuachwa. Mkubwa na anywe chai yake saa moja au mbili baada ya kula. Mtoto mdogo hana haja nayo kabisa.

Ziko pia hila za jikoni ambazo bibi zetu walizijua bila kujua sababu zake. Kuloweka maharagwe na kuyamwaga maji, kuotesha ulezi uwe kimea, kuuacha uji uchachuke kabla ya kuupika: haya yote hupunguza kile kitu kilichomo katika nafaka kikishikacho chuma kisiingie mwilini. Na chungu cha chuma kina faida yake. Katika nchi ya Ethiopia watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walilinganishwa na wenzao waliopikiwa katika sufuria za alumini, na habari zake zilichapishwa mwaka 1999. Waliopikiwa katika chuma walikuwa na damu zaidi.

Lakini kuingiza chuma ni nusu ya kazi, ikiwa yuko mwizi akitoaye. Mwizi huyo ni mnyoo wa safura. Wazungu walimjua vema kwa taabu iliyowapata katika mlima. Mwaka 1880, huko Uswisi, wachimbaji wa njia ya reli ipitayo chini ya mlima Saint Gotthard walikuwa wakipauka na kuishiwa nguvu, wengine wakafa, ikagunduliwa kwamba matumbo yao yalijaa minyoo hii. Ndani ya shimo lile mlikuwa na joto na unyevu, wala hapakuwa na vyoo. Lakini iliingiaje mwilini? Watu walidhani kwa kinywa tu. Ndipo Arthur Looss, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa Cairo, mwishoni mwa karne ya 19, akajimwagia kwa bahati mbaya maji yenye watoto wa minyoo juu ya mkono wake. Mkono ukamwasha. Baada ya majuma machache alikuta mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Walikuwa wamepenya katika ngozi.

Basi mtoto apitaye peku nyuma ya nyumba, mahali ambapo watu hujisaidia, hana haja ya kula uchafu ili aambukizwe. Nyayo zake zatosha. Minyoo 100 ya jamii ile ndogo humwaga kama mililita 3 za damu kila siku, ambayo ni zaidi ya nusu ya kijiko cha chai. Ni kidogo, utasema. Lakini ndani yake mna karibu miligramu moja ya chuma, nayo ni kama yote ambayo mtoto aweza kuipokea katika chakula cha siku nzima. Hivyo ala, wala hapati. Choo na viatu ni dawa ya damu. Na dawa ya minyoo igawanywayo shuleni isikataliwe na wazazi kwa uvumi.

Nimeulizwa mara nyingi na watu wema: “Ikiwa chuma chauzwa kwa vidonge, tena kwa bei rahisi, kwa nini tusikusanye sadaka tuwanunulie watoto wote wa mtaa, tukawagawia kila siku?” Nia ni njema. Lakini yawapasa kujua yaliyotokea Pemba, kisiwa cha jirani zetu.

Mara ya kwanza, katika miaka ya 1990, watoto 614 wa Pemba, wa miezi 6 hadi 59, waliingizwa katika uchunguzi. Baadhi yao walipewa matone ya chuma kila siku kwa mwaka mzima, wengine matone yasiyo na chuma. Habari zake zilitolewa mwaka 2001. Waliopata chuma walizidi wenzao katika kusema, yaani maneno waliyoyajua na jinsi walivyoyaunganisha. Na wale waliokuwa na damu chache sana walizidi pia katika kutembea na kutumia viungo vyao. Kila asomaye habari hii hufurahi.

Mara ya pili uchunguzi ulikuwa mkubwa zaidi. Ulianza mwaka 2002, watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35, zaidi ya 24,000 kwa jumla. Hawakupimwa damu kwanza. Wenye upungufu na wasio na upungufu walipewa sawasawa, ndivyo ilivyokusudiwa. Na Pemba wakati ule ilikuwa nchi ya malaria kali, mwaka wote. Mwezi wa Agosti 2003 wasimamizi waliamuru vidonge vya chuma visimamishwe. Kwa nini? Waliopewa chuma na foliki asidi walikuwa wameugua sana hata kulazwa hospitali, au kufa, kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Dawa ile ile iliyowafunua vinywa watoto wa kwanza! Lakini liko na jambo hili: kati yao walikuwako watoto waliochunguzwa kwa karibu, ambao malaria yao ilipimwa na kutibiwa upesi. Katika hao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika, wala hawakudhurika.

Kwa hiyo mafundisho ya Shirika la Afya Duniani tangu hapo ni haya: mahali penye malaria, chuma kisigawanywe kwa watoto ila pamoja na kazi ya kuikinga malaria, kuipima na kuitibu. Ninyi wa mabondeni na wa pwani, chandarua huja kabla ya kidonge. Ninyi wa milima yenye baridi, msidhani kwamba hayawahusu, maana mtoto akishuka kwa mjomba wake wakati wa likizo hurudi na homa. Mtoto apelekwe zahanati, atobolewe kidole, apimwe damu na malaria. Mganga ndiye atakayesema kidonge kipi na kiasi gani. Mtoto wa miaka 5 hadi 11 ambaye damu yake ni chini ya gramu 11.5 kwa kila desilita huhesabiwa kuwa na upungufu.

Unga wa ngano wa viwanda vikubwa hutiwa chuma kwa amri katika Tanzania tangu mwaka 2011, na jambo hilo ni jema. Ila unga tuusagao wenyewe mashineni kijijini hautiwi kitu, basi tusijitumainie huo.

Mtoto akipewa dawa, mweleze mama yake mambo mawili matatu, kwa maana huko zahanati foleni ni ndefu na maelezo ni mafupi. Choo cha mtoto kitakuwa cheusi. Asiogope, ndiyo rangi ya chuma kilichobaki. Akiwa alikuwa anakula udongo au mkaa kwa siri, asipigwe, kwa sababu tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe, nayo hukoma damu irudipo. Asiiache dawa mara mtoto aonapo nguvu, maana damu hurudi kwanza, na akiba ya mwili hujazwa baadaye, kwa muda wa miezi mitatu hivi kwa jumla. Na chupa ya vidonge iwekwe juu, ndani ya sanduku lifungwalo. Vidonge hivi hupakwa rangi na utamu kama peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi kwa pamoja aweza kufa.

Nawe mwalimu, katika miezi hiyo mitatu mwite akae mstari wa mbele. Yale uliyoyafundisha alipokuwa akisinzia hayakuingia, wala hayataingia yenyewe kwa sababu sasa ana damu. Chukua daftari lake, tazama ni wapi maandishi yalipoanza kukatika katikati ya mstari, ukaanze naye hapo.